Daraja limejongea, au ni jua tu?

Faiba inayoleta intaneti nyumbani inaweza pia kupima daraja. Ukiimenya ganda la plastiki unabaki na uzi wa kioo wenye unene wa mikromita 125 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na mwanga hupita katikati yake, kwenye kiini cha mikromita 9 hivi.

Mwaka 1978, katika maabara ya mawasiliano huko Ottawa, Kanada, Kenneth Hill na wenzake walipitisha leza ndani ya uzi wa aina hiyo wakaona mwanga unaorudi unazidi kuongezeka. Kumbe leza ilikuwa imechora kwenye kiini mistari midogo inayoakisi. Siku hizi mistari hiyo huchorwa makusudi kwa mionzi ya urujuanimno, zaidi ya 18,000 ndani ya sentimita moja. Kila kundi la mistari hurudisha rangi moja tu ya mwanga, nyingine zote zikapita.

Uzi ukivutwa, mistari huachana na rangi inayorudi husogea. Tuseme umeubandika kwenye boriti ya chuma. Boriti ikirefuka mikromita 1 kwa kila mita, mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550 (urefu huo ndio unaoamua rangi) husogea pikomita 1.2, yaani nanomita 0.0012, na mashine ya kusomea huliona hilo bila taabu.

Kinachosumbua ni joto. Nyuzi zetu za kioo zinasikia pia nyuzi za joto (Kiswahili kimetuwekea mtego hapo): kila nyuzi 1 husogeza rangi pikomita 10 hivi, sawa na kila mita kuvutwa mikromita 8. Asiyejua atasoma saa mbili asubuhi, asome tena saa nane mchana, aandike ripoti kwamba daraja linavunjika.

Dawa yake ni kuweka uzi wa pili papo hapo, ndani ya kibomba chembamba, bila gundi. Huo unasikia joto peke yake. Toa usomaji wake kwenye ule wa kwanza. Hata hivyo boriti yenyewe hutanuka juani, mikromita 12 hivi kwa mita kwa kila nyuzi 1, na huko ni kujongea kwa kweli ingawa si ubovu. Daraja la Beddington Trail mjini Calgary, Kanada, lilijengewa vihisio hivi mwaka 1993, katika mji wenye baridi ya chini ya nyuzi −20 na kiangazi cha zaidi ya 25. Daraja la namna hiyo halihukumiwi kabla ya kulitazama mwaka mzima.

Mimi huhofia gundi kuliko mashine. Chuma kikibaki na kutu au mafuta, uzi huteleza taratibu, na unachosoma ni mwendo wa gundi.