Kilo ya funza sio kilo ya dagaa jamani

Wiki hii nimeulizwa mara tatu: "Mtaalamu, dagaa nimeacha nalisha funza tupu, mbona sato hawakui?" Naandika hapa ili anayefuata nimtumie hii tu.

Funza wa BSF (black soldier fly, yule nzi mweusi anayefugwa kwa chakula cha mifugo) wazuri, hata mi nawaambia watu wafuge. Kinachoniudhi ni hii tabia ya kubadilisha kilo kwa kilo. Juzi nimefika bwawani kwa mteja, fomula yake ilikuwa na kilo 10 za dagaa wakavu, katoa zote kaweka kilo 10 za funza wabichi, wanajinyonganyonga kwenye ndoo. Nikamwambia shika kalamu: funza mbichi kwa sehemu kubwa ni maji, hizo kilo 10 ukizikausha unabaki na 3 hivi, protini asilimia 40, yaani umepata kilo moja na kidogo ya protini, wakati dagaa wasio na mchanga wangekupa 5 na zaidi. Afu analaumu vifaranga!

Hata ukiwakausha bado. Funza mkavu theluthi nzima inaweza kuwa mafuta, usipoyakamua chakula kinachacha stoo, na mafuta yenyewe omega-3 yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya samaki, methionini nayo, kirutubisho cha protini anachohitaji samaki, iko chini. Afu majibu ya maabara ya protini yasikutie wazimu, lile gamba la funza lina naitrojeni ambayo inahesabiwa kama protini na samaki haifaidi. Mi msimamo wangu ni toa robo ya dagaa kwanza, jazia soya, pima samaki kila wiki mbili, wakienda vizuri ndo uongeze.

Eti nzi watajaa jikoni. Huyo sio nzi wa chooni bwana, akishaota mabawa hana shida na ugali wako, ana siku chache tu za kupandana na kutaga, basi kafa.

Eti samaki atanuka funza. Kwani huko ziwani anakula chapati? Mabuu ya wadudu anakula tangu mdogo.

Eti funza anasafisha uchafu wowote ule. Hapana, kadimiamu, metali yenye sumu iliyomo kwenye baadhi ya betri, haipotei tumboni mwake, anaikusanya na samaki wako anaipokea. Maganda ya sokoni na machicha ya bia sawa, ila taka za dampo zilizochanganyika na betri usimpe, hata kama umepewa bure.