Je, wajua kwa nini tinti ya zamani inakatika vipande ukiivuta?

Gari lililobandikwa tinti zamani na kukaa juani miaka unalijua kwa mbali: kioo kimekuwa zambarau, kina mapovu, na kwenye kona karatasi imeanza kujikunja yenyewe. Mtu anashika ile kona, anavuta, kinatoka kipande cha ukubwa wa noti, anashika tena kinatoka kingine kidogo zaidi, na mwisho kioo kizima kimebaki na utando wa gundi unaokamata vumbi na manyoya ya taulo. Hivi inakuwaje kitu kilichoanza kubanduka chenyewe kinakuwa kibishi namna hii?

Jibu utakalopewa gereji nyingi ni kwamba gundi imekauka. Ndo maana watu wanaimwagia thina na petroli eti ilainike, au wanaenda moja kwa moja kwenye wembe. Ila gundi ya tinti si ya kukauka. Ni akriliki inayoshika kwa kugandamizwa tu, inatoka kiwandani ikiwa inanata na inatakiwa iendelee kunata maisha yake yote. Kinachowachanganya watu, nadhani, ni fundi anaposema usishushe kioo kwanza, acha tinti ikauke. Kinachokauka pale ni maji. Wakati wa kubandika, fundi ananyunyizia maji ya sabuni ili karatasi iteleze aiweke sawa, halafu anayasukuma nje na raba, na yale kidogo yanayobaki yanatoka taratibu siku kadhaa kupitia kwenye karatasi yenyewe. Ule ukungu wa tinti mpya ndo huo, na unaisha wenyewe. Gundi haijakauka, imepata tu nafasi ya kugusana na kioo bila maji katikati.

Kinachoizeesha ni jua. Tinti hubandikwa upande wa ndani, kwa hiyo jua likishapenya kioo kitu cha kwanza linachokutana nacho ni gundi, karatasi iko nyuma yake. Miaka inavyokwenda, miale ya urujuanimno inakata minyororo ya molekuli za gundi sehemu hii na kuzifunga pamoja sehemu ile, mpaka gundi haifanani tena: hapa imeachia ikafanya povu, vidole viwili pembeni imeshika kuliko siku ya kwanza. Yale mapovu si maji ya kuoshea gari yaliyoingia. Na zambarau inatoka hapohapo kwenye jua, maana weusi wa tinti za bei nafuu ni mchanganyiko wa rangi kadhaa na hazififii kwa mwendo mmoja, nyingine zikitangulia kufa kinachobaki ni hicho unachokiona.

Sasa kuhusu kukatika, na hapa ndo panaponifurahisha mimi. Gundi ya aina hii ni nusu kigumu nusu kimiminika, na kinachoamua itakuwa kipi ni muda unaoipa. Chukua chingamu iliyokwisha tafunwa. Ivute taratibu, inarefuka mpaka inakuwa uzi. Ivute kwa kushtukiza, inakatika papo hapo. Chingamu ni ileile, kilichobadilika ni kasi yako. Molekuli zake ni ndefu na zimesokotana, ukizipa muda zinateleza moja kupita nyingine, usipozipa zinang'ang'ania. Ndivyo ilivyo kwenye kioo: ukinyofoa tinti kwa haraka gundi haipati muda wa kutiririka, inakukabili kama kitu kigumu, nguvu ya kuibandua inapanda, na nguvu yote hiyo inabebwa na karatasi ambayo kwa tinti ya kawaida haizidi sana sehemu ya ishirini ya milimita kwa unene, tena imeshachoka na jua. Lazima ikatike. Ukivuta polepole, kwa mkono usiotetemeka, nguvu inayohitajika inashuka na karatasi inakuja nzima.

Joto nalo linafanya kazi ileile ya muda. Chingamu ikitoka kwenye friji inavunjika hata ukiivuta kwa upole, ikiwa ya mdomoni inavutika. Kwa hiyo kupasha kioo na kuvuta taratibu ni njia mbili za kufika palepale, na mafundi wazuri wanazitumia zote kwa pamoja.

Ila joto likizidi gundi inakuwa laini mno, inagawanyika katikati yake yenyewe, nusu inaondoka na karatasi nusu inabaki kwenye kioo. Karatasi nayo ni polyesta ya jamii ileile ya chupa za maji ya kunywa, na kama umewahi kutia maji yanayochemka kwenye chupa hizo unajua zinavyojikunja. Ndo maana napendelea mvuke kuliko blowa: mvuke wa kawaida hauvuki sana nyuzi 100, wakati blowa za mafundi nyingine zinapita 500, ukizubaa sehemu moja karatasi inasinyaa. Draya ya nywele inatosha kabisa, inachukua muda tu. Kuna wanaonyunyizia tinti amonia na kufunika kioo kwa mfuko mweusi wa plastiki juani, na inasaidia kweli, lakini ule mfuko peke yake tayari unaleta joto, na harufu ya amonia ndani ya gari ni hatari kwa mapafu, kwa hiyo mimi simshauri mtu.

Gundi iliyobaki inatoka kwa maji ya sabuni, skrepa ya plastiki na spiriti. Wembe weka mbali na kioo cha nyuma. Ile mistari myembamba ni ya silva, imechapwa na kuchomwa juu ya kioo upande huohuo wa ndani ilipo tinti, ndiyo inayoondoa ukungu, na kwenye magari mengi antena ya redio iko hapohapo. Ukikwangua mmoja ukakatika, mstari huo umekufa, na mtu wa Njombe au Limuru ataujua umuhimu wake asubuhi ya baridi. Hapo vuta tinti kufuata mistari ilivyolala, usiikate njia.

Na kabla hujawasha draya, hakikisha ni tinti kweli. Magari mengi yanayokuja kutoka Japani vioo vya nyuma vina weusi uliochanganywa kwenye kioo chenyewe kikiwa bado uji kiwandani, na huo hautoki kwa joto wala wembe. Kwenye mlango wa nyuma shusha kioo nusu uangalie ukingo wake wa juu: tinti ya kubandika mara nyingi inaishia milimita moja au mbili kabla ya ukingo na ukucha unaisikia, cha kiwandani rangi imeenda mpaka mwisho na ndani ya unene wa kioo.