Mkate wa ngano nzima kwenye mashine: tunayoambiana na ukweli wake

Nianze na mama. Mama ana sukari, huu mwaka wa nane, anakaa Machame, na kila akija kwangu hapa Sakina, Arusha, anakuja na mkate wake kwenye mfuko, ule wa brauni wa dukani, maana kliniki walimwambia apunguze mkate mweupe na yeye akaacha kabisa, hajaugusa tena. Siku moja nimeugeuza ule mfuko nikasoma maandishi madogo ya nyuma. Cha kwanza: unga wa ngano. Basi, hivohivo tu, hamna neno nzima wala isiyokobolewa. Afu maji, afu sukari, hamira, na huko chini kabisa rangi ya karameli. Nikamsomea. Akakaa kimya kidogo akasema, "Mwanangu, kwa hiyo miaka yote hii nimekula rangi?"

Iliniuma sana. Toka siku ile mkate wa mama naoka mwenyewe, kwenye mashine ya kuokea mkate nyumbani, na katika kujifunza nimekutana na mambo mengi ambayo watu tunaambiana tu jikoni na kwenye magrupu ya WhatsApp na sio kweli, mengine ni nusu kweli, ambayo naona ndo mabaya zaidi.

"Ukiwa wa kahawia ni ngano nzima"

Sio. Rangi haikwambii kitu, karameli inatia rangi, molasi inatia rangi. Kinachokwambia ni ule mstari wa viambato, unga wa ngano nzima au ngano isiyokobolewa uwe wa kwanza kwenye orodha, sio wa nne baada ya sukari.

Punje ya ngano ina vitu vitatu. Ganda la nje ambalo ndo pumba, karibu asilimia 14 ya punje, kiini kidogo kinachoota ambacho hata asilimia 3 hakifiki vizuri, na iliyobaki yote ni ule wanga mweupe. Wakikoboa wanatoa pumba na kiini, na humo ndo kuna nyuzinyuzi nyingi na madini mengi. Kwenye gramu 100 za unga wa ngano nzima unapata nyuzinyuzi gramu 10 na kitu, kwenye mweupe hazifiki 3. Magnesiamu nayo inashuka mara tano sita hivi. Sasa nisiwatishe, unga mweupe sio sumu, na kisheria viwanda vikubwa vya hapa Tanzania vinatakiwa virudishie baadhi ya vitu, madini chuma, zinki, asidi ya foliki, vitamini B12. Ila nyuzinyuzi hawarudishi, zikiondoka zimeondoka.

Kwa unga wa kuokea nyumbani wengi tunatumia atta, ule unga wa ngano wenye pumba zake. Nayo angalia, maana kuna atta nyingine zimepunguzwa pumba. Mi nachukua vijiko vichache napitisha kwenye chekeche la chai lenye matundu madogo, kama chekeche linabaki jeupe tupu basi najua pale pumba hamna za maana. Mwingine ananunua ngano punje sokoni, Kilombero kwa hapa au Mbuyuni kwa watu wa Moshi, anapepeta, anachagua mawe (mawe yapo, chagua kweli), anapeleka mashine ya kusaga. Ni unga mzuri sana, ila mwambie wa mashine akusagie ngano yako baada ya mwenzio mwenye ngano, sio baada ya mahindi. Na tafadhali, kile kitu cha kununua pumba duka la vyakula vya mifugo ukachanganye na unga mweupe, acha. Zile hazijatunzwa kwa ajili ya binadamu.

"Wa ngano nzima haupandishi sukari, mgonjwa ale tu"

Hii ndo iliyonifanya niandike, naomba mtu mwenye mzazi wa sukari asome pole pole. Kuna kipimo wataalamu wa lishe wanakitumia kuonyesha chakula kinapandisha sukari kwenye damu kwa kasi gani ukilinganisha na glukosi yenyewe ambayo wanaipa 100. Kwenye orodha ya kimataifa iliyotoka 2008 mkate mweupe ni 75. Wa ngano nzima ni 74. Ndiyo, 74! Ngano ikishasagwa laini, wanga wake unayeyuka haraka uwe na pumba usiwe na pumba.

Kwa hiyo faida ipo, nyuzinyuzi, madini, choo kinakuwa kizuri, unashiba mapema, na watu wanaokula nafaka nzima kwa miaka mingi tafiti zinawaonyesha wana maradhi ya moyo na kisukari kidogo kuliko wenzao. Ila slesi bado ni slesi, inahesabiwa. Kwa mama tulianza na idadi, kutoka slesi nne asubuhi mpaka mbili, na hazili kavu tena, anakula na maharage au yai au parachichi, na yeye mwenyewe kwa kale kamashine ka kidole ameona tofauti. Dozi ya dawa hatukuigusa, hiyo ni ya daktari.

Na asali jamani, asali ni sukari. Ina harufu nzuri, ya nyuki wa huku kwetu ni tamu kweli, ila kwa mgonjwa ni sukari. Kwenye mkate wa mama siweki kabisa, na hapo kuna dhana nyingine inakufa, kwamba bila sukari hamira haifanyi kazi. Inafanya. Unga wenyewe una vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari na hamira inakula hiyohiyo, mkate wa kawaida wa Wafaransa ni unga, maji, chumvi na hamira, basi. Sukari inasaidia rangi ya ganda na ladha.

Jambo lingine dogo la mezani: chai. Ule ukakasi wa chai ya rangi unazuia mwili kuchukua madini chuma yaliyomo kwenye nafaka, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu asishushie mkate wake na chai, asubiri kama saa moja hivi anywe kwa raha.

"Ngano nzima kwenye mashine lazima itoke tofali"

Hapa nitakaa, maana hapa ndo watu wengi wanakata tamaa wanarudi dukani. Mkate wangu wa kwanza ulitoka mfupi, mgumu, ganda limepasuka pembeni, nikalaumu mashine. Kumbe nilikuwa nimechukua vipimo vya unga mweupe kwenye kile kijitabu nikabadilisha unga tu, maji yaleyale. Pumba inakunywa maji mengi kuliko unga mweupe, afu inakunywa polepole, na vile vipande vyake vina makali vinakatakata ile nyavu ya gluteni, ule unato wa ngano, inayotakiwa kushika hewa. Kwa hiyo unga huu unataka vitu viwili, maji zaidi na muda zaidi, ukiunyima kimojawapo unapata tofali.

Vipimo vyangu kwa mkate mmoja: unga gramu 450 kwa mizani (kikombe kinadanganya, ukishindilia unapata unga mwingi bila kujua), maji mililita 340, mafuta ya alizeti vijiko 2 vya chakula, chumvi kijiko 1 cha chai, hamira kijiko 1 cha chai na robo. Maji na unga na mafuta natia kwenye ndoo ya mashine, nakoroga na mwiko mpaka unga wote ulowe, naacha nusu saa mpaka dakika arobaini na tano mashine haijawashwa. Hapo pumba inalainika, inakunywa maji yake mapema, haitakuja kuyanyang'anya baadae wakati mkate unaiva. Afu ndo chumvi, hamira, na kitufe cha ngano nzima, sio cha haraka. Ile programu ya ngano nzima ni ndefu, mashine nyingi ni saa tatu na nusu mpaka tano, na kuna mashine zinaanza kwa kukaa kimya zinapasha tu, watu wanadhani imeharibika wanazima.

Dakika kumi za kwanza za kukanda usiondoke. Fungua mfuniko, haina shida, bado haijaanza kuoka. Mwanzoni utaona kama uji mzito umeng'ang'ania kuta za ndoo na utashikwa na hamu ya kuongeza unga. Usiongeze. Subiri. Ikifika dakika ya saba, ya nane, linajikusanya, linakuwa donge, linazunguka na kile kijembe cha chini na linaanza kuwa laini mgongoni. Gusa kwa kidole: liwe na unato kidogo, kidole kikitoka kisibaki na donge. Likiwa kavu hata sauti utaisikia, mota inalalamika na donge linagonga ukuta, basi ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Hili donge lionekane limelegea kidogo kuliko la chapati. Ukiona ni kama la chapati ujue umeshapata tofali.

Na hautapanda kama mweupe, hilo ni kweli, tusidanganyane. Utapanda vizuri ila chini kidogo. Ukitaka kuanza taratibu weka nusu atta nusu mweupe, uongeze kidogo kidogo, hiyo haina ubaya, ila usimwambie mgonjwa ni ngano nzima.

"Vipimo ni vipimo, popote unaoka"

Dada yangu anakaa Kiborloni, Moshi, tulinunua mashine za aina moja na unga wa duka moja. Wake unatoka na kichwa kizuri cha duara, wangu vipimo vilevile unapanda kama unataka kutoka nje afu katikati unabonyea shimo. Tumebishana mwezi mzima. Jibu ni mwinuko. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini ni mia nane na kitu, kilomita 80 tu kutoka hapa lakini hewa ya huku ni nyepesi zaidi, kwa hiyo gesi ya hamira inatanuka zaidi, mkate unaumuka haraka kuliko gluteni inavyoweza kubeba, ukianza kuoka unaanguka. Yeye anaweka hamira kijiko kimoja na nusu, mi nimeshuka mpaka kimoja na robo na shimo limeisha. Huo ndo ukweli wa vile vijitabu, vimeandikwa kwa watu wa mabondeni.

Joto nalo. Mwezi wa saba huku asubuhi baridi kali, natumia maji vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Dada Moshi mwezi wa pili anatumia maji ya mtungi, ya baridi. Ya moto kabisa usijaribu, yakivuka nyuzi 55 hivi hamira inakufa.

Ya chumvi kuua hamira ikigusana nayo, hapana, inaipunguza kasi tu na humo kwenye donge zitakutana hata ufanyeje. Kuzitenganisha kuna maana ukitega taima ya usiku, na hapo muhimu zaidi ni hamira ikae juu ya unga mkavu isiguse maji.

Umeme: watu wanasema inakula luku. Niliandika namba za mita kabla na baada, nyumba nzima nimezima isipokuwa friji, mkate mmoja haukufika unit moja. Muda mrefu mashine inakanda au imekaa tu, inayovuta moto ni ile saa ya kuoka. Ishu ya kweli ni umeme kukatika, mashine nyingi zinakumbuka ilipofikia kwa dakika chache tu, umeme ukichelewa kurudi zinaanza upya, hapo toa donge malizia kwenye oveni au hata sufuria yenye mkaa juu na chini. Na ukinunua ya mtumba soma kibandiko cha nyuma, ya Japani ni volti 100, ya Marekani 120, sisi ni 230, ukichomeka moja kwa moja unaiunguza siku hiyohiyo.

Kuna wazee wanasema mashine haiwezi kukanda kama mkono. Nawaheshimu, ila hizi za nyumbani zilivyoanza Japani miaka ya 80, mhandisi Ikuko Tanaka wa kampuni ya Matsushita alikwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja Osaka, akaangalia jinsi anavyovuta na kusokota donge, ndo wakatia mbavu ndani ya ndoo ili donge livutike vilevile. Mashine ikatoka 1987. Kwa atta yenye maji mengi inayonata mkono mzima, mi naona inakanda vizuri kuliko mimi.

Mwisho ni kuhifadhi. Unga wa ngano nzima una mafuta ya kile kiini, ukikaa kabatini muda mrefu unachacha, unusie, ukiwa na harufu kama ya karanga za zamani usiuoke. Nunua kidogo kidogo, uweke kwenye friji. Mkate wenyewe ndo usiuweke friji, wengi tunafanya hivo tukidhani tunautunza, kumbe baridi ya friji inaukausha haraka kuliko ukiachwa mezani umefungwa. Nje siku mbili tatu, zaidi ya hapo friza. Nikitoa kwenye mashine nautoa kwenye ndoo hapohapo usije ukalowa jasho, unapoa saa nzima ndo nakata, ukikata wa moto ndani unakuwa kama ugali. Za mama nakata slesi nyembamba, nafunga mbili mbili, nagandisha, akipanda kosta ya kurudi Machame zinaenda nazo kwenye kikapu, na asubuhi anatoa fungu moja anapasha kwenye kikaango kikavu huku maharage yakichemka.