Vijiji 369, 418 au 531? Kabla hujafungua kitabu cha rejea kuhusu Palestina

Wapalestina walipoteza vijiji vingapi katika vita vya mwaka 1948, Israeli ilipoundwa? Kwenye rafu ninayoitunza, vitabu vitatu vinajibu swali hili na kila kimoja kina hesabu yake. Benny Morris, mwanahistoria Mwisraeli, aliorodhesha vijiji na miji 369 alipoandika kwa mara ya kwanza kuhusu chimbuko la wakimbizi. Walid Khalidi, mwanahistoria Mpalestina, na wenzake, katika All That Remains cha mwaka 1992, wana vijiji 418. Salman Abu Sitta, mtafiti Mpalestina, anafika 531. Msomaji mgeni huniuliza hapo hapo: sasa mwongo ni nani? Mimi ni mkutubi wa kitengo cha rejea, na swali hilo nimelizoea. Humfungulia zile kurasa za mwanzo ambazo kila mtu huziruka, pale mwandishi anapoeleza amehesabu nini na ameacha nini.

Khalidi alichukua makazi yaliyokuwa na nyumba za kudumu, yaliyotajwa kuwa kijiji au kitongoji kwenye orodha ya Waingereza, na yaliyobaki ndani ya mstari wa kusitisha vita wa 1949, yaani upande wa Israeli. Kambi za Wabedui hazikuingia. Abu Sitta aliziingiza koo za Wabedui wa Bir al-Saba, yaani Beersheba, akaingiza na miji. Hao watu wa jangwani walifukuzwa au walikimbia kama wenzao wa vijijini, ila mmoja aliwahesabu na mwingine hakuwahesabu. Hapo hakuna mwongo.

Kitabu cha Khalidi nakipenda kwa sababu nyingine. Watafiti wake walikwenda kutazama karibu kila mahali palipokuwa na kijiji. Kila kijiji kina maelezo yake: umbali kutoka mjini, idadi ya watu, matumizi ya ardhi, kilitekwa lini, makazi gani ya Kiisraeli yamejengwa kwenye ardhi yake, na leo kuna nini. Ukisoma hicho kipengele cha mwisho utakutana na mipungate tena na tena. Wanakijiji waliipanda kuwa ua, nyumba zikabomolewa, na mipungate ikaendelea kuota pale pale ua ulipopita.

Orodha ya Morris ni kavu zaidi, lakini ina kitu ambacho Khalidi hana: herufi moja, mara nyingine mbili, mbele ya jina kueleza kwa nini watu waliondoka. E ni kufukuzwa na majeshi ya Kiyahudi. M ni kijiji kushambuliwa. W ni kampeni ya kunong'onezana vitisho, C ni kuanguka kwa mji jirani, F ni hofu ya kunaswa vitani, na A ni amri ya Waarabu wenyewe. Hebu fikiria, kijiji kizima na hatima yake kubebwa na herufi moja! Ugomvi mkubwa wa wanahistoria uko humo, kwa maana kijiji kilichoshambuliwa alfajiri na watu wake kuzuiwa kurudi jioni utakiandikia M au E? Isitoshe, Morris aliegemea hati za Kiisraeli na hakutaka kutegemea masimulizi ya wazee. Toleo lake la 2004 lilinenepa kwa sababu hati zaidi zilikuwa zimefunguliwa, na humo kufukuzwa kunaonekana zaidi kuliko mwanzo. Ukikuta mtu anamnukuu Morris, muulize ni toleo gani.

Ukichimba chini ya vitabu hivi utakuta karatasi zile zile za serikali ya Waingereza: sensa ya 1922, sensa ya 1931, na takwimu za vijiji za 1945. Baada ya 1931 hakukuwa na sensa nyingine, kwa hiyo namba za 1945 ni makadirio. Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kuelezwa sana udhamini wa Shirikisho la Mataifa ulikuwaje, maana Tanganyika na Palestina ziliwekwa rasmi chini ya Uingereza mwezi mmoja, Julai 1922. Tofauti ni kwamba Palestina ilikuwa daraja A, la nchi zilizoonwa kukaribia kujitawala, na Tanganyika daraja B, la zile zilizoonwa kuwa bado mbali, na kwamba ndani ya hati ya udhamini wa Palestina iliingizwa ahadi ya Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, ya 1917 ya kuwapatia Wayahudi makao ya kitaifa.

Kwa watu na taasisi, tumia ensaiklopidia ya Wapalestina aliyoihariri Philip Mattar, toleo la 2005. Anayesoma Kiarabu ana Al-Mawsua al-Filastiniyya, ambayo juzuu zake nne za kwanza zilitoka 1984.

Mikusanyo ya hati ndiyo inayotaka uangalifu. Ule wa Walter Laqueur, ulioanza 1969 na baadaye kuendelezwa naye pamoja na Barry Rubin, uko karibu kila chuo. Chukua azimio namba 242 la Baraza la Usalama, la tarehe 22 Novemba 1967. Linataka majeshi ya Israeli yaondoke kwenye maeneo yaliyotekwa katika vita vya mwaka ule. Matini ya Kiingereza imeacha makusudi kile kineno kidogo, "the", ambacho kingeonyesha ni maeneo yale yote yanayojulikana. Matini ya Kifaransa ina kineno cha namna hiyo. Kwa zaidi ya miaka hamsini wanasheria wamegombana juu ya kineno hicho, na Kiswahili hakina kineno cha namna hiyo hata kidogo! Sisi tukiandika "maeneo yaliyotekwa", msomaji anaweza kuelewa yote, anaweza kuelewa baadhi. Kwa hiyo ukikuta tafsiri ya Kiswahili imeandika "maeneo yote", jua mfasiri ameshachagua upande, pengine bila kujua. Mimi huliacha neno lilivyo, kisha nikaeleza ugomvi wenyewe.

Faharasa nayo ina mitego. Ukikosa Hebron tafuta Al-Khalil, ukikosa vita vya uhuru, kama Waisraeli wanavyoviita vya 1948, tafuta Nakba, yaani maafa, jina la Wapalestina. Ukifika kwenye neno "Uganda" usishangae. Ni ule mpango wa 1903, Uingereza ilipompa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliotaka nchi ya Wayahudi, wazo la kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki, na mkutano wa Wazayuni ukaukataa 1905. Ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo ni Kenya. Vitabu vingi mpaka leo vinaiita Uganda na kupita.

Mwisho, tazama mwaka wa kuchapwa. Tarehe 9 Aprili 1948 wapiganaji wa Irgun na Lehi, makundi ya Kiyahudi yenye silaha, waliingia Deir Yassin, karibu na Yerusalemu, wakaua wanakijiji. Hesabu iliyosambaa ilikuwa 254. Iliwafaa Irgun waliotaka kutisha, ikawafaa na viongozi wa Kiarabu waliotaka watu wakasirike, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuisahihisha. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birzeit, Wapalestina wenyewe, waliwahoji walionusurika, wakaandika jina kwa jina, wakapata 107. Kwenye rafu yangu bado kuna kitabu cha miaka ya sabini chenye 254. Sijakitoa. Nimebandika kikaratasi kwenye ukurasa ule, kimeandikwa 107 na mwaka 1987, na kila baada ya muhula nakikuta kimebanduliwa nikabandika kingine.