Tyubu ya eksirei: mionzi ya picha inatoka wapi?

Tyubu ya eksirei ni chombo cha kioo au chuma kilichoondolewa hewa, ambacho ndani yake elektroni, chembe ndogo mno za umeme hasi, hukimbizwa kwa kasi kubwa na kugonga kipande cha metali. Mgongano huo ndio unaozaa mionzi inayopiga picha ya mfupa au pafu. Hamna urani humo, wala kitu kingine kinachotoa mionzi chenyewe. Nasisitiza hili mapema kwa sababu wagonjwa wengi huingia chumba cha eksirei wakiamini mashine imehifadhi mionzi tumboni, na kwamba huvuja hata ikiwa imezimwa. Hapana. Mionzi hutengenezwa papo hapo kitufe kinapobonyezwa, mara nyingi kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Umeme ukikatwa hakuna tena, na haibaki mwilini, kitandani wala kwenye nguo.

Tyubu ina ncha mbili. Upande wa kathodi, yaani hasi, kuna filamenti: uzi mwembamba wa tungsteni uliosokotwa. Umeme ukipita humo, uzi huwaka hadi zaidi ya nyuzi joto 2,000 za Selsiasi, na elektroni huanza kuchomoka kwenye uso wake na kutanda kama wingu. Upande wa pili ni anodi, yaani chanya, ambayo uso wake pia kwa kawaida ni wa tungsteni. Kati ya ncha hizo huwekwa volti nyingi mno, baina ya 40,000 na 150,000 kwa picha za kawaida. Elektroni, kwa kuwa ni hasi, huvutwa kuelekea anodi kwa nguvu. Kwa volti 100,000 hufika zikiwa na kasi inayozidi nusu ya kasi ya mwanga, na safari yote ni ya sentimita chache! Kama hewa ingekuwemo, zingegongana nayo njiani na kutawanyika, na filamenti yenyewe ingeungua.

Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi hii mwaka 1895 huko Würzburg, Ujerumani, tyubu za wakati huo zilikuwa na gesi kidogo ndani, na nguvu yake ilikuwa ngumu kutabiri. Mwaka 1913 Mmarekani William Coolidge alileta tyubu yenye filamenti ya moto na ombwe kamili zaidi, na mpaka leo mashine za hospitali zinafuata msingi huo.

Sasa, elektroni ikigonga tungsteni hutokea nini? Nyingi hupoteza nishati kidogo kidogo kwa kuzitikisa elektroni za nje za atomu, na nishati hiyo huwa joto tu. Chache hupita karibu sana na kiini cha atomu. Kiini, ambacho ni chanya, huzivuta, huzipindisha njia na kuzifunga breki, na nishati zinayopoteza hutoka kama fotoni, yaani kifungu kidogo cha nishati, ya eksirei. Hii ndiyo sehemu kubwa ya mionzi ya tyubu, na fotoni zake huwa na nishati za viwango mbalimbali. Njia ya pili ni elektroni kuing'oa nyingine iliyo ndani kabisa ya atomu. Nafasi hiyo huzibwa na elektroni kutoka juu, nayo ikishuka hutoa fotoni yenye nishati maalumu ya metali ile. Kwa tungsteni, kung'oa elektroni ya ndani kabisa kunahitaji karibu kilovolti 70, yaani volti 70,000.

Kinachonishangaza kila mara ni jinsi eksirei inayopatikana ilivyo kidogo: kama asilimia 1 tu ya nishati, na iliyobaki yote ni joto. Ndiyo maana tungsteni ikachaguliwa, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 3,422. Hata hivyo haitoshi. Eneo linalopigwa na elektroni lina upana wa milimita moja hivi au chini ya hapo, kwa sababu likiwa dogo picha hutoka kali zaidi. Kwa hiyo anodi hufanywa sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, ili sehemu ileile isipigwe mfululizo. Ule mvumo unaousikia kabla tu ya kupigwa picha ni sahani hiyo ikianza kuzunguka.

Mtaalamu huamua mambo mawili makuu. Kilovolti huamua mionzi ipenye kiasi gani: mkono huhitaji karibu 50, kifua cha mtu mzima mara nyingi zaidi ya 100. Miliampea, yaani kiasi cha mkondo wa umeme kwenye tyubu, zikizidishwa kwa sekunde huamua wingi wa fotoni, na kiasi cha mionzi anachopata mgonjwa hupanda nao. Kuongeza "ili picha iwe nzuri" bila sababu si ufundi.

Mbele ya dirisha la tyubu huwekwa kichujio cha alumini. Fotoni dhaifu haziwezi kuvuka mwili na kufika kwenye kipokezi cha picha. Zingeishia kwenye ngozi bila kuongeza chochote kwenye picha. Alumini huzizuia kabla hazijamfikia mgonjwa. Zaidi ya hapo, tyubu yote imefunikwa na risasi, ile metali nzito, na mionzi huruhusiwa kutoka upande mmoja tu.

Baadhi ya fotoni zikigonga mwili hutawanyika pande zote, na hizo ndizo mtaalamu anazokwepa anapojificha nyuma ya ukuta wenye risasi. Wewe unapigwa picha moja. Yeye yuko hapo siku nzima, mwaka mzima.