Fonti nene iliyochakaa: A zikifanana tu, umeumbuka

Nachora fonti, na swali ambalo haliishi ni hili: hizi fonti nene za kizamani, zile kama zimechongwa kwa mkono afu zikachakaa, si unachukua fonti yoyote unaibandika mikwaruzo juu basi? Unaweza. Ila itajulikana.

Ule uchakavu haukuwa urembo. Zamani za kuchapa kwa herufi za kushikika, herufi kubwa za mabango zikiwa za madini ya risasi zilikuwa nzito, ghali, na risasi ikipoa vibaya uso unabonyea, ndo maana mwaka 1827 kule New York Darius Wells akaanza kuchonga herufi za mbao kwa mashine, kwa wingi. Sasa mbao inachapa miaka na miaka, kona zinalika, kingo zinapata mapengo, uso unabonyea sehemu wino haufiki, karatasi inatoka na madoa meupe. Kwa hiyo majeraha yana mahali pake, kona na kingo ndo zinaumia kwanza. Fonti yenye kingo kali kama wembe afu tumboni imejaa mikwaruzo, jicho linaikataa hata kama mwenyewe hujui kwa nini.

Mimi naanza na herufi safi na nene, maana nyembamba ukiichubua inakatika, nene ina nyama ya kuchubuliwa. Nachonga kwenye lino (shiti laini ya kuchongea na kuchapia), napitisha rola yenye wino kidogo, nachapa mara kadhaa kila herufi, naskani dpi 1200 (nukta 1200 kwa inchi), nageuza kuwa vekta, yaani mchoro wa mistari inayoshikwa na pointi. Hapo ndo kazi chafu inaanza, herufi moja inaweza kuja na maelfu ya pointi, faili linakuwa zito, programu inakwama, na mashine ya kukata stika ndo usiseme, itahangaika na kila kidoa. Nafuta vidoa kwa mkono, kimoja kimoja (naweka muziki, sina ujanja mwingine). Na kila fonti naitoa na toleo safi pembeni kwa ajili ya watu wa stika.

Lakini kinachowaumbua wengi ni kujirudia. Kwenye mbao kila A ilikuwa kipande chake, na jeraha lake. Kwenye kompyuta A ni moja, sasa andika TAMASHA uone, kovu lilelile mara tatu! Na Kiswahili kinapenda A balaa, SAA, TAA, MAAJABU, zinakaa bega kwa bega kabisa. Fonti nyingi zinakupa A mbili, moja ya herufi kubwa na nyingine imejificha kwenye herufi ndogo, kwetu hiyo haitoshi. Mimi nachora A nne, I na U tatu tatu, Q na X moja moja zinatosha, afu naandika kodi ya OpenType (muundo wa faili za fonti) inayozizungusha zenyewe unavyotaipu. Wazo si jipya, wachora fonti Erik van Blokland na Just van Rossum mwaka 1989 walibuni fonti ya Beowolf, herufi zake zilikuwa zinabadilika umbo kila ukiprinti.

Ukiitumia, iache iwe kubwa. Ukishusha hadi saizi ya aya madoa yanazibana, inaonekana kama printa yako inaumwa.