Maji yasiyo na hewa nayo husafika

Tanga, ukipita jirani na korona za mkonge, yaani mitambo ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, utasikia watu wakisema maji machafu meusi yatokayo humo yamekosa hewa, basi hayatasafika kamwe. Si kweli. Wapo bakteria wanaofanya kazi pasipo oksijeni: wengine huvunja uchafu kuwa asidi, hasa ile ya siki, wengine huigeuza kuwa methani, gesi inayowaka. Kule Hale gesi ya mabaki ya mkonge imewahi kuzalisha umeme. Fenoli, sumu ya viwandani, nayo huvunjwa hivyo, ingawa polepole. Na tetrakloroetheni, dawa ya madobi wanaosafisha suti bila maji, huvuliwa klorini na bakteria wasiovumilia oksijeni. Ukipuliza hewa unawaua. Na harufu ya yai viza kwenye maji hayo? Ni haidrojeni salfaidi, methani hainuki.